Mnaniita Mzungu kwa Kuskiza Rock? Wacha Niwape Stori

Wiki jana nilikuwa kwa matatu natoka tao naelekea Umoja, kiti cha dirisha, iafoni masikioni, najiskizia vitu zangu. Bluetooth ikakatika. Simu ikaanza kulia yenyewe, sauti juu kabisa, na kilichokuwa kinacheza ni Chuck Berry, lile gitaa la mwanzo wa "Johnny B. Goode". Gari nzima ikageuka. Jamaa mmoja wa kiti cha nyuma akauliza kwa sauti, "Kwani leo tumebeba mzungu?" Watu wakaangua kicheko. Hadi mama aliyekuwa na gunia la sukuma mbele yangu alicheka. Mimi pia nikacheka, ningefanyaje? Nikazima simu, nikashuka kwa stage yangu, nikaenda keja.

Lakini ile kitu ilinikaa. Kuchekwa nimezoea, tangu shule ya upili mimi ndiye yule msee wa "ngoma za wazungu". Kilichonisumbua ni vile yule jamaa alikuwa na uhakika. Hakuuliza nani anaimba. Alisikia gitaa, akajua rangi. Na gari nzima ikakubaliana naye.

Chuck Berry alikuwa mtu mweusi, mzaliwa wa St. Louis, Missouri, mwaka 1926. Kama angekuwa amekaa kwenye kile kiti changu, hakuna mtu angemuita mzungu. Sasa ilikuwaje muziki wake ukabadilishwa rangi, hadi leo kijana wa Eastlands akiuskiza anaonekana amepotea njia?

Msimamo wangu nauweka hapa mapema ili usiseme umechezwa: rock and roll ilizaliwa na watu weusi wa Marekani, na Elvis kuimba kama wao halikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa lilikuwa kwa karatasi. Na kama wewe ni kijana unatengeneza muziki, video, dansi au chochote hapa Nairobi, hiyo karatasi inakuhusu leo kuliko unavyodhani. Nitakuambia mwishoni jinsi ilivyonihusu mimi.

Tuanze na dada mmoja ambaye wengi wenu hamjawahi kumskia.

Anaitwa Sister Rosetta Tharpe. Alizaliwa mwaka 1915 kwenye kamji kadogo kanaitwa Cotton Plant, jimbo la Arkansas. Mamake alikuwa mwinjilisti, na Rosetta alianza kupiga gitaa kanisani akiwa bado mtoto. Mwaka 1938 akaanza kurekodi, na mwaka huohuo akapanda jukwaa la Cotton Club, klabu ya usiku ya New York. Fikiria dada wa kwaya ya kanisa lenu aonekane Ijumaa usiku akiimba nyimbo za Yesu kwenye klabu watu wakiwa na chupa mkononi. Unajua vile wazee wa kanisa wangeongea. Basi na kwao waliongea.

Hakuacha. Mwaka 1944 akarekodi "Strange Things Happening Every Day", na mwaka uliofuata ukapanda hadi nambari 2 kwenye chati iliyoitwa "race records", yaani chati ya watu weusi. Itafute leo usiku uiskize. Ni gospo, sawa, lakini hilo gitaa la umeme na huo mwendo ni kitu ambacho dunia ingekuja kukiita rock and roll miaka kumi baadaye. Mwaka 1951 alifunga ndoa ndani ya uwanja wa besiboli mjini Washington, maelfu ya watu wakanunua tiketi kuona harusi, na baada ya kiapo bibi harusi akapiga gitaa. Nyinyi mnadhani kufanya harusi iwe kontenti ilianza na TikTok?

Kuna kingine. Mwaka 1947 Rosetta alikuwa na shoo mjini Macon, Georgia. Kijana wa miaka 14 akamskizisha sauti yake kabla ya shoo. Rosetta akampandisha jukwaani, na baadaye akamlipa. Yule kijana baadaye alijulikana kama Little Richard.

Sasa, hii sauti ilitoka wapi? Ilitoka kwa watu waliohama. Kati ya vita vikuu viwili na hata baadaye, mamilioni ya watu weusi walitoka mashamba ya pamba ya Kusini mwa Marekani wakaenda miji ya viwanda, Chicago, Detroit na kwingineko. Ni kama wazee wetu walivyotoka ushago kuja kutafuta kazi Industrial Area. Walibeba blues yao, gitaa la mbao na sauti ya mtu anayelalamika polepole. Walipofika mjini wakakuta baa zina kelele. Gitaa la mbao halisikiki mahali watu wamelipwa Ijumaa na wanapiga mayowe. Muddy Waters alitoka Mississippi akafika Chicago mwaka 1943, na haikuchukua muda akashika gitaa la umeme, kwa sababu hiyo tu: asikike. Mji wenyewe ndio uliongeza sauti.

Jina nalo lilikuwa la mtaani. "Kurock" na "kuroll" yalikuwa maneno ya watu weusi kwa kucheza dansi, kwa kuzidiwa na roho kanisani, na kwa yale mambo mengine ambayo sitayaandika hapa mathe akisoma. Mwaka 1922 tayari mwimbaji wa blues Trixie Smith alikuwa na rekodi yenye maneno hayo mawili kwenye jina. Kwa hivyo mtu akikuambia DJ fulani mzungu alibuni jina la rock and roll, mwambie apunguze.

Huyo DJ ni Alan Freed, na simchukii. Alikuwa anacheza rekodi za weusi usiku kwenye redio ya Cleveland, Ohio. Tarehe 21 Machi 1952 aliandaa shoo kwenye ukumbi wa watu karibu 10,000. Wakaja karibu mara mbili ya hapo, milango ikavunjwa, polisi wakafunga shoo ikiwa ndiyo imeanza tu. Wengi huiita tamasha la kwanza kubwa la rock and roll duniani. Likaisha vile shoo nyingi za hapa huisha: umelipa, umevaa, na hujaona msanii.

Kitu Freed alifanya ni kuchukua lile jina na kulibandika kwa muziki ambao tayari ulikuwepo, ili watoto wa wazungu waununue bila wazazi wao kuona unaitwa muziki wa weusi. Hapo ndipo mambo ya rangi yalianza kuchanganyika. Marekani ya wakati huo ilitenga kila kitu: shule, mabasi, bomba za maji, hata chati za muziki. Lakini kuna kitu kimoja walishindwa kutenga, mawimbi ya redio. Kijana mzungu wa Memphis, usiku, chumba chake kimefungwa, angeweza kuzungusha kitufe akapata WDIA, kituo kilichokuwa kimeelekeza vipindi vyake vyote kwa wasikilizaji weusi. Hakuna polisi angemshika kwa kuskiza.

Mmoja wa hao vijana wa Memphis alikuwa Elvis Presley. Na hapa nataka tuwe wakweli, juu najua komenti zinakuja. Elvis alikuwa na kipaji. Alikulia maskini, Tupelo, Mississippi, na muziki wa weusi alikuwa ameuskia kanisani na mtaani. Mwaka 1956, akiwa tayari ni staa, aliwaambia waandishi wa habari kwamba watu weusi walikuwa wakiimba na kupiga namna hiyo kwa muda mrefu kabla yake, na yeye amejifunza kwao. Hakujificha. Kwa hivyo ile stori ya "Elvis mwizi" ni rahisi sana, ndiyo maana siipendi. Ukiilaumu sauti ya Elvis unamuacha mwizi wa kweli anatembea.

Twende kwa karatasi sasa.

Wimbo una pesa mbili. Kuna pesa ya rekodi, ile sauti iliyonaswa studio, ambayo hugawana lebo na msanii kulingana na mkataba wao. Halafu kuna pesa ya utunzi, yaani maneno na melodi, ambayo huenda kwa mtunzi na kampuni inayoshika haki za wimbo. Hiyo ya pili huitwa mrabaha, na ndiyo huendelea kuingia miaka na miaka, kila mtu mwingine akiurudia wimbo wako. Marekani ya wakati huo redio ikicheza ngoma ilimlipa mtunzi, mwimbaji hakupata kitu. Ukishaelewa hapo, utaelewa kila kitu kilichowapata hawa watu.

Arthur Crudup alikuwa mwimbaji wa blues kutoka Mississippi. Mwaka 1946 akarekodi wimbo wake "That's All Right". Mwezi wa Julai 1954 Elvis akaurudia kwenye studio ya Sam Phillips pale Memphis, na hiyo ndiyo rekodi iliyomfungulia njia. Jina la Crudup liliandikwa kwenye ile rekodi kama mtunzi. Lakini haki zilikuwa mikononi mwa aliyekuwa meneja wake, na pesa hazikumfikia. Yule mtu alirudi kwa vibarua vya shamba. Fikiria uko na jembe mkononi, redio ya mtu inacheza wimbo wako, na dunia nzima inauimba. Alipigania pesa zake hadi akafa mwaka 1974.

Big Mama Thornton yeye stori yake inachanganya zaidi. Mwaka 1952 alirekodi "Hound Dog", ikatoka mwaka uliofuata na kukaa nambari 1 kwenye chati ya rhythm and blues wiki saba. Mwaka 1956 Elvis akairudia ikauza mamilioni. Thornton alisema yeye alipata hundi moja ya dola 500, basi. Lakini wimbo ulitungwa na vijana wawili wazungu, Jerry Leiber na Mike Stoller, ambao hawakuwa wamefikisha hata miaka 20 walipoutunga. Kwa hivyo kisheria Elvis hakumnyang'anya mrabaha, juu haukuwa wake. Alinyimwa kitu kingine: ule mngurumo wake, ile namna ya kuutoa wimbo tumboni, ambavyo havina sehemu ya kuandikwa kwenye fomu. Na ngoja uskie. Leiber na Stoller nao walipopewa hundi yao ya kwanza ya wimbo huo, ilirudi kwa sababu haikuwa na pesa. Mwenye lebo iliyowapa hundi hiyo alikuwa mtu mweusi. Kwa hivyo usiniambie hii ni stori ya rangi peke yake. Rangi iliamua nani anaingia kwa TV na nani anaingia kwa mlango wa nyuma. Lakini kalamu ya kuibia watu ilishikwa na yeyote aliyeipata.

Turudi kwa Chuck Berry wangu. Mwaka 1955 alifika Chicago na wimbo aliouchota kutoka kwa wimbo wa zamani wa country unaoitwa "Ida Red". Ndiyo, mweusi alichota kwa wazungu, na akaugeuza kabisa: gari, mbio, mapenzi, gitaa linalopiga kelele kama honi. Ukaitwa "Maybellene". Ngoma ikalipuka. Berry akaja kuona kwenye karatasi watunzi ni watatu: yeye, Alan Freed yule DJ, na jamaa mwingine anaitwa Russ Fratto. Hao wawili hawakuandika hata neno moja. Freed aliwekwa pale ili aicheze redioni, yaani ilikuwa hongo iliyovaa suti. Berry alikuja kurudishiwa wimbo wake wote mwaka 1986. Hesabu mwenyewe. Miaka 31.

Hata "Rocket 88" ya 1951, ambayo watu wengi huiita rekodi ya kwanza ya rock and roll, ina hii shida. Bendi ilikuwa ya Ike Turner. Rekodi ilipotoka, ikaandikwa Jackie Brenston and his Delta Cats. Brenston alikuwa saksafoni na mwimbaji wa Ike. Hiyo Delta Cats haikuwepo duniani. Na ile sauti ya gitaa inayokwaruza, ambayo baadaye ndiyo ilikuwa roho ya rock yote, ilitokana na amplifaya iliyoharibika njiani wakielekea studio. Ikajazwa karatasi ndani ili ifanye kazi, ikatoa sauti chafu, wakasema wacha ikae hivyo. Kifaa kibovu na watu wasio na pesa ya kingine. Kama umewahi kurekodi ngoma ndani ya kabati umefunika kichwa na blanketi, hao ni watu wako.

Halafu kulikuwa na mchezo wa kurudia. Msanii mweusi akitoa wimbo mkali, lebo kubwa inatafuta mzungu msafi, anaimba uleule wimbo polepole, redio kubwa zinacheza huo. Little Richard alirekodi "Tutti Frutti" New Orleans mwaka 1955. Muda mfupi baadaye Pat Boone akaurudia, na kwenye chati ya pop ukapanda kuliko wa mwenyewe. Skiza hizo mbili moja baada ya nyingine. Ni kama mtu akupikie nyama choma halafu mwingine akuletee picha ya nyama choma, na wa picha ndiye analipwa zaidi.

Sasa kuna mtu atasema: buda, si hata hivyo muziki ulisaidia? Ulisaidia, siwezi kukataa. Kwenye kumbi za Kusini, watu weusi na wazungu walipokuja shoo moja, kamba ilifungwa katikati kuwatenganisha. Ngoma ikikolea, vijana walikuwa wanaivuka ile kamba. Wenye chuki waliona hatari. Mwaka 1956 Nat King Cole, ambaye hata hakuwa wa rock, muimbaji mpole kabisa wa suti, alivamiwa na wazungu jukwaani Birmingham, Alabama. Walikuwa wanapigana na muziki wa weusi, na kwao wote walikuwa kitu kimoja. Kumbuka hiki ni kipindi kilekile watu weusi wa Montgomery walikuwa wamegoma kupanda mabasi. Sisemi rock and roll iliangusha ubaguzi. Ubaguzi ulipigwa na watu waliopigwa na polisi, walioandamana, waliofungwa. Lakini ukishacheza na mtu ngoma moja, inakuwa ngumu kidogo kuamini kwamba hafai kukaa karibu nawe kwa basi.

Basi ikawaje ikawa "ya wazungu"? Rekodi zilivuka bahari. Vijana wa Uingereza wakaanza kuzikusanya kama vile sisi tulikuwa tunakusanya stika za mpira. The Rolling Stones walichukua jina lao kutoka kwa wimbo wa Muddy Waters. The Beatles walirudia Chuck Berry na Little Richard. Mwaka 1964 Sister Rosetta mwenyewe alienda Uingereza, akapiga shoo ya televisheni kwenye stesheni ya treni iliyofungwa mjini Manchester, mvua imenyesha, amevaa koti zuri, gitaa la umeme begani, vijana wazungu wamekaa ng'ambo ya reli wameduwaa. Video ipo, itafute. Mwaka huohuo bendi za Uingereza ziliingia Marekani na kuuza muziki wa Marekani kwa Wamarekani. Wasikilizaji weusi nao walikuwa wanahamia soul na Motown. Redio zikagawa: hii ya hawa, ile ya wale. Akina Jimi Hendrix wakaanza kuonekana kama mgeni ndani ya nyumba ya babu yao. Miaka sitini baadaye, jamaa kwa matatu ya Umoja anaskia gitaa anasema mzungu.

Na usidhani hii ilipita Kenya mbali. Wakati dunia ilishikwa na wazimu wa twist, baada ya Chubby Checker kuirudia "The Twist" ya Hank Ballard mwaka 1960, Nairobi tulikuwa na twist yetu. Mfalme wake alikuwa Daudi Kabaka, akirekodi kwa studio za Equator hapa mjini. Guka yako anamjua, muulize. Wimbo wake "Helule Helule" ulirudiwa na bendi ya Uingereza, The Tremeloes, na mwaka 1968 ukaingia chati za Uingereza. Soma tena hiyo sentensi. Wimbo wa Mkenya, kwenye chati za Uingereza, mwaka 1968. Na mimi nimemaliza miaka yote ya shule bila mwalimu hata mmoja kunitajia. Kila mtaa hapa una Elvis wake, sivyo? Elvis wa duka la M-Pesa, Elvis wa bodaboda, Elvis wa darasa la nane. Umewahi kukutana na Rosetta aliyepewa jina kwa sababu ya yule wa gitaa? Hata Kabaka aliyepewa jina kwa sababu ya Daudi?

Sasa ile stori yangu.

Miaka miwili iliyopita nilitengeneza biti kwa laptopu ya kuazima. Nilikaa nayo usiku tatu. Msanii mmoja, simtaji, akaiskia, akasema nimtumie. Nikamtumia kwa WhatsApp. Nikamuuliza tunafanyaje, akasema "tutaongea, bro". Ngoma ikatoka. Ikachezwa kwa mat, ikachezwa kwa harusi ya binamu yangu, mimi nimesimama hapo na sahani ya pilau naskia ngoma yangu na hakuna anayejua. Nikafungua YouTube. Chini ya video wameandikwa aliyeshika kamera, aliyepaka watu poda, hadi mwenye gari jekundu lililoonekana kwa sekunde nne. Jina langu halipo. Nikampigia. Hakunitukana, hakunikaripia. Aliniuliza swali moja tu, kwa upole kabisa:

"Kwani tuliandikiana?"

Hatukuwa tumeandikiana. Na hiyo ndiyo stori ya Crudup, ya Ike Turner na ya Chuck Berry, imefika keja yangu na bando la Safaricom. Mimi sikunyang'anywa na mzungu. Nilinyang'anywa na rafiki, na nilimpa mwenyewe.

Ndiyo maana nakasirika tukimaliza hii mada na "Elvis mwizi" halafu tuendelee na shughuli. Kuiga si wizi. Berry aliiga country, Elvis akaiga Crudup, Beatles wakaiga Berry, na sisi gengetone tuliiga dansi za Jamaika na hakuna aliyekufa. Muziki huishi kwa kuazimwa. Lakini aliyeazima ataje aliyemuazima, na pesa ikiingia igawanywe vile ilivyotengenezwa.

Kwa hivyo nikiwa msee mmoja tu mwenye laptopu sasa yake mwenyewe, nasema hivi. Kabla hujatuma biti, andikeni. Karatasi moja inatosha: wimbo unaitwaje, nani alifanya nini, kila mtu anapata asilimia ngapi, sahihi, tarehe. Hata kama ni rafiki yako. Hasa kama ni rafiki yako, ndio mbaki marafiki. Kazi yako isajili kwa bodi ya hakimiliki. Na ukipost dansi ya mtu, taja aliyeianzisha. Haikuchukui hata dakika.

Sister Rosetta alikufa Philadelphia mwaka 1973. Kwa miaka zaidi ya 30 kaburi lake halikuwa hata na jiwe lenye jina. Mashabiki walichanga pesa kwa tamasha, na jiwe likawekwa. Aliingizwa kwenye jumba la heshima la rock and roll mwaka 2018, miaka 32 baada ya watu wa kwanza kuingizwa, na Elvis akiwa mmoja wao.

Na ile ngoma iliyonichekesha kwa matatu? Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya Voyager angani, kila kimoja na sahani ya dhahabu yenye sauti za dunia, ili kama kuna viumbe huko wajue sisi ni nani. Wimbo wa rock uliochaguliwa ulikuwa mmoja: "Johnny B. Goode" ya Chuck Berry. Iko huko mbali hadi leo, inaenda. Kwa hivyo wewe jamaa wa kiti cha nyuma, kama unasoma hii, sina kinyongo na wewe. Siku nyingine tukipatana kwa gari nitakupa iafoni moja.

Haya, komenti iko wazi. Niambieni ngoma moja ya Kenya ambayo mnajua aliyeitengeneza hakuwahi kutajwa. Tuanze kuandika majina.